Kichanja cha Diski za Mama Lili

Mama Lili alizikwa mwezi uliopita. Kwenye kilio, pale nyumbani kwake Rugerero, mdogo wake Bosco alisimama mbele ya watu waliokaa chini ya turubai, akanionyesha kwa kidole, akasema, "Na uyu Spesi, munamuona, ni yeye alikuwa anatufagilia kwa studio." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, kama mtu anayesikia sifa za punda mtulivu. Nilinyamaza, maana msiba si mahali pa kujibizana, lakini nilirudi nyumbani neno lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilifagia, ndiyo. Chai nilipika, vikombe niliosha. Lakini mwaka nitakaousimulia kazi yangu ilikuwa diski za kompyuta, na Bosco anajua, na kama asingekuwa anajua asingeharakisha kusema kufagia. Mimi shule niliishia darasa la nne, Kiswahili nilikiokota sokoni na mdomoni mwa Mama Lili, kwa hiyo maandishi yangu mtayavumilia. Majina sitayaficha. Wapo wanaoniambia, Spesi, ukisimulia usitaje watu. Waliotenda hawakuona haya kutenda, kwa nini mimi nione haya kutaja?

Ya kwetu sitayaeleza sana. Katika jenoside, mauaji yale ya kimbari, nilibaki peke yangu, nikiwa bado mtoto. Aliyewaleta wauaji nyumbani kwetu ni Viateri, jirani yetu wa Nyundo, mwenye duka la chumvi na sabuni, mtu aliyetujua mpaka majina ya mbuzi wetu. Mwaka ninaousimulia alikuwa gerezani. Sikuwa na picha ya mtu wangu hata mmoja. Nyumba iliungua na kila kilichokuwa ukutani. Nilipofika umri wa kuolewa nikawa nimeanza kusahau nyuso, na ile ni njaa ambayo sijui niifananishe na nini. Sura ya yaya wangu Beata, dada yangu mkubwa, nilikuwa naikamata asubuhi kabla sijafungua macho vizuri, nikishaamka inanikimbia.

Studio ya Mama Lili, ya picha na video za harusi, ilikuwa vyumba viwili si mbali na soko, upande wa kwenda mpakani. Asubuhi wanawake walipita mlangoni na nyanya kichwani wakikimbilia Goma, na jirani yetu wa kushoto aliuza sambaza, hivyo hata mabibi arusi waliokuja na marashi yao walitoka wananuka samaki mkavu. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa ziwa, ndege na ua jekundu. Nilicheka sana siku za kwanza: ziwa lenyewe liko pale chini, mtu anatembea kidogo tu anaingiza miguu, lakini watu walipanga foleni wapigwe picha mbele ya lile la kitambaa. Chumba cha nyuma ndicho kilikuwa na kompyuta, ndogo ya mezani, haizidi kitabu cha nyimbo za kanisani, iliyotoka ng'ambo ikiwa imeshatumika. Tumbo lake lilikuwa dogo pia. Harusi mbili tu imeshiba. Kwa hiyo kila harusi tuliyopiga, ya kusaba, yaani ya posa, ya kanisani, ya ukumbini, ilikaa nje, kwenye diski nyeusi zilizoizunguka, zote sura moja, na nyaya zake zimeshikana kama mizizi ya viazi vitamu vilivyong'olewa na majani yake. Ukivuta moja unaamsha nyingine tatu. Bosco alikuwa hafuati waya, alikuwa anavuta. Alisoma Bukavu, alijua kukata video na kuweka nyimbo, mikono yake ilikuwa na akili, sikatai. Lakini utaratibu hakuwa nao, na zaidi ya hayo alikuwa anawawekea vijana wa pikipiki filamu za kutafsiriwa kwenye flash zao, kazi ya pembeni, akizijaza humo humo kwenye diski za harusi.

Siku moja alikuja bibi arusi na mama mkwe wake kutazama filamu yao. Walikaa kwenye benchi, nikawapa chai na mandazi. Bosco akachomeka diski ya kwanza: ubatizo. Akachomoa, akachomeka nyingine: jitu la Kichina linaruka juu ya paa. Akachomeka ya tatu: watu wanashusha jeneza kaburini Mudende, na mvua inanyesha. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Yewe, Bosco! Bibi arusi wetu amesha kufa?"

"Mama, ngoja kidogo, ni diski njo inachanganya."

"Diski inachanganya, ao ni kichwa yako?"

Walipoondoka, bila kuona harusi yao, Mama Lili aliingia chumba cha nyuma, mnene, kanga mbili kiunoni, akasimama akitazama meza kama mtu anayetazama nyumba ya walevi. "Bon," akasema. "We Spesi. Mi naona vile unapanga masahani yangu. Njoo unipangie hii takataka." Bosco akacheka: "Yaya, uyu hajue hata kuwasha." Mama Lili akamjibu, "Sikusema awashe. Nasema apange. Ya kuwasha tuko nayo mutu, na tunaona matunda yake."

Basi nikaona mbele yangu kichanja. Kila aliyekaa kijijini kwetu anakijua, kile cha miti nje ya mlango, ambacho viongozi walipita nyumba kwa nyumba wakihimiza kila mtu awe nacho, vyombo vikauke juu na wala visilale chini. Nilikata vijiti vya mikaratusi, nikafunga kichanja kidogo cha ngazi mbili, upana wa meza, nikakiweka nyuma ya kompyuta, chini ya dirisha. Hewa inapita chini, hewa inapita juu. Maana niliona diski zikifanya kazi zinapata joto kama mtu mwenye homa, na zilikuwa zinalala moja juu ya mwenzake. Kisha nikachukua nyuzi za kusukia vikapu, zile zilizotiwa rangi, nikazungushia kila diski uzi wa rangi yake, na waya wake rangi hiyo hiyo miisho yote miwili. Ukiona uzi wa njano kwenye kompyuta, unajua ni diski gani inaongea. Nyaya zilizobaki nikazikunja, nikazifunga kwa fundo la mguu wa mbuzi, zikaning'inia kwenye vijiti. Halafu nikamwambia Mama Lili kitu kilichonisumbua: mtu mwenye kitu kimoja ana bahati, si kitu. Mimi nililijua hilo. Akanunua diski za pili. Kwetu mapacha hawasumbui mtu kuwatafutia majina, wa kwanza ni Gakuru, wa pili ni Gato. Kwa hiyo tukawa na Gakuru wa njano na Gato wa njano, Gakuru wa zambarau na Gato wa zambarau. Gakuru alikaa ngazi ya juu, Gato ngazi ya chini, na kila mwisho wa wiki Bosco alipaswa kumnakilia Gato kila alichonacho Gakuru. Alinung'unika kama mtu anayeng'olewa meno, lakini alifanya, maana nilikuwa nasimama nyuma yake na ufagio.

Adui wa kichanja changu alikuwa Mama Lili mwenyewe, na namtaja ingawa ni marehemu na nilimpenda. Alikuwa anafuma vitambaa vya kroshe. Redio ilivaa kitambaa, televisheni ilivaa, printa ilivaa chenye maua ya pembeni, hata mtungi wa gesi. Kila nikitoka kwenda kuchota maji, nikirudi nakuta diski zangu zimefunikwa gubigubi.

"Mama Lili, zinapata joto."

"Zikae uchi mbele ya wageni? Watasema tuko washamba."

"Ni mashine, mama."

"Mashine nayo iko na heshima yake."

Navua, anavika. Mwaka mzima tulibishana hivyo na hakuna aliyeshinda.

Akaja Gaudence. Msichana mwembamba, sauti ya chini, ameposwa, anataka filamu ya harusi yake ianze na picha za harusi ya wazazi wake. Alibeba albamu iliyofungwa kwenye karatasi ya plastiki, ile ya mahema ya wakimbizi. Shangazi yake Domina, aliyemlea, aliivusha albamu ile hadi Kongo na kuirudisha. Mama yake alifia kambini kule. "Nataka mama yangu aonekane," alimwambia Bosco. "Sina picha yake ingine." Bosco akaanza kuziingiza moja moja kwa skana. Mimi niliingia na sinia ya chai. Kwenye kioo cha kompyuta bibi arusi alikuwa amekaa, mushanana mweupe, vazi letu la sherehe, begani, macho chini. Pembeni yake Viateri, kijana, suti kubwa, anacheka. Nyuma yao wasichana wamesimama mstari na vikapu vya zawadi kichwani. Wa pili kutoka ukutani alikuwa Beata.

Sinia sikuidondosha. Niliiweka mezani taratibu, nikamwangalia yaya wangu. Alikuwa na meno ya mbele yaliyoachana kidogo. Nilikuwa nimelisahau hilo! Miaka yote namtafuta asubuhi, kumbe nilikuwa nimemtengenezea meno mengine. Kwetu majirani walibebeana vikapu, harusi ya jirani ilikuwa harusi yako, kwa hiyo sishangai kwamba alikuwa pale. Nilishangaa tu kwamba mahali pekee duniani alipobaki palikuwa ndani ya albamu ya Viateri.

Gaudence alipoenda na albamu yake, nilimwambia Mama Lili. Alikaa chini. Alifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akasema kitu ambacho kiliniudhi siku ile na leo nakiona ni cha haki: "Picha ya muteja ni ya muteja, Spesi. Tutamuomba. Hawezi katala." Kesho yake Gaudence alipopita, tukamuomba. Aliniangalia muda mrefu. Alielewa mimi ni nani, hakuuliza. "Sawa," akasema. "Lakini nimuambie shangazi kwanza, albamu ni yake." Nikaondoka kazini jioni ile naimba, mimi ambaye siimbi.

Domina aliichoma. Hilo nalo naliandika kwa jina lake lote la nyumbani: Domina, dada yake Viateri. Wakati ule gacaca, mahakama za vijijini za jenoside, zilikuwa bado hazijafungwa, na akafikiri nataka picha ile nikaiweke mbele ya mahakama, ionyeshe nani alikula na nani kabla ya kuuana. Mtu aliyebeba albamu mgongoni milima yote ile, kwenda na kurudi, aliitia jikoni chini ya chungu cha maharage asubuhi ya Jumatatu, kwa kumuogopa mfagiaji. Gaudence alikuja akikimbia, kanga imemvuka, majivu mikononi. "Iko kwa mashine?" aliuliza mlangoni. "Bosco, niambie mama yangu iko kwa mashine."

Bosco aliwahi kwenye kichanja. Picha alikuwa ameziweka kwa Gakuru wa njano. Nikamuona mkono wake unasita hewani, na nikajua kabla hajasema. Gakuru wa njano alikuwa na uzi umelegea, alama ya kuchomolewa ovyo.

"Bosco," nikasema.

"Nilikosa nafasi. Jumamosi nilifuta, niweke mafilme ya wale bamotari wa pikipiki... Lakini Gato iko! Ijumaa nilimunakilia, mbele yako, Spesi, si uliona?"

Niliona. Lakini niliona na kitu kingine. Jumamosi ile ile, tulipotoka umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, Mama Lili alipokea wanawake wa kanisani, na kwa ajili yao alitandaza juu ya kichanja kizima kitambaa chake kikubwa kuliko vyote, kizito kama blanketi, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Bosco alikuwa ameacha diski zinafanya kazi chini yake. Nilipokuja kukivua jioni, Gato wa njano alikuwa moto kama kiazi kilichotoka kwenye majivu. Nilimzima nikamwacha apumzike. Sasa Bosco alimchomeka. Taa ya buluu ikawaka. Kisha tukasikia: ke, ke, ke. Kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu.

"Amekufa," akasema Gaudence.

"Hapana," akasema Bosco, na sauti yake haikuwa ile ya kuchekea watu. "Ananguruma bado. Inabaki na nafasi kidogo. Tumuache apoe sawasawa, alafu tujaribu, na hatumuguse-guse." Akamweka juu ya vijiti, dirisha wazi, upepo wa ziwa unaingia. Mama Lili alisimama mlangoni na kile kitambaa mkononi, amekikunja, amekikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama mkate. Akaenda akapika chai mwenyewe, kitu ambacho mwaka ule sikuwa nimekiona.

Tulikaa kwenye benchi la wateja, Gaudence na mimi. Nilimchukia kidogo, sitasema uongo. Alikuwa na paji la uso la baba yake. Akaniuliza, "Wako ni yupi?"

"Mwenye kikapu. Wa pili toka ukutani. Beata."

"Mama alisema wasichana wale walicheka sana siku ile. Mumoja alikanyaga mushanana yake, karibu aanguke na kikapu."

"Nani?"

"Sijue. Nilikuwa mutoto, sikuuliza majina." Akaanza kulia tena. "Niliona ni watu wa nyuma tu."

Chai ilipoa na hakuna aliyekunywa. Bosco alipochomeka tena, alishika waya kwa vidole viwili kama anayeshika mkono wa mgonjwa. Ke. Kimya. Ke. Kisha ule mlio wa kuzunguka, mwembamba, na kwenye kioo majina ya faili yakaanza kushuka. "Inaweza kufa tena saa yoyote," akasema bila kugeuka. "Semeni mbio, nianze na gani?" Na sisi wawili, mtoto wa Viateri na mimi, tukanyoosha vidole kwenye picha moja.

Ilitoka. Zote zilitoka, na harusi za watu wengine nyuma yake. Gato alikaa hai mpaka jioni, kisha akanyamaza kabisa na hakuna fundi aliyemwamsha. Bosco alifungua picha ile ikajaa kioo chote, akaiandaa kwa printa. Mkono wake ukasimama juu ya sura ya Viateri.

"Spesi, nimutoe uyu? Naweza kata hapa na hapa, yaya yako abaki na wenzake."

Mama Lili akasema, "Mutoe, mutoe." Gaudence alitazama sakafu. Ilikuwa zamu yangu kusema, na sijui nilipolipata neno, maana nilikuwa mtu wa kunyamaza.

"Muache. Ukimukata, watu wataniuliza yaya alikuwa anabebea nani kikapu. Wacha wamuone."

Sikumsamehe Viateri. Hakuniomba, na aliyefia gerezani hawezi tena kuomba. Vijana wanaokuja kunihoji wakati wa kukumbuka jenoside wanataka niseme moyo wangu umekuwa mwepesi. Si mwepesi. Lakini toka siku ile una kitu cha kushika. Bosco nilimlaumu, na bado, ila tangu Jumatatu ile hakufuta kitu bila kuniuliza, na nilijifunza kuwasha, na kunakili, na kuandika jina la kila harusi, herufi moja moja kwa kidole kimoja. Mwaka uliofuata niliajiriwa mahali pengine kwa kazi hiyo hiyo, na sikuwa tena na ufagio.

Harusi ya Gaudence, kabla sijahama, ilikuwa Nyundo, ukumbi wa pale juu. Tulibeba kompyuta kwenye kikapu, mimi na diski mapajani, na Mama Lili hakuthubutu kufunika kitu. Filamu ilianza kabla ya chakula. Picha ile ilipofika, kubwa ukutani, Gaudence alimfanyia Bosco ishara aisimamishe. Akachukua kipaza sauti kwa mshereheshaji. Alikisogeza mno mdomoni mpaka kikapiga kelele.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Na huyu mwenye kikapu, wa pili, ni Beata, dada ya Spesi aliyekaa pale. Alikuwa jirani yetu hapa Nyundo. Yeye na watu wake waliuawa nyumbani kwao. Baba yangu alikuwamo kati ya waliowaua."

Domina alisimama, akajifunga kitenge, akatoka na viatu vyake vikilia sakafuni mpaka mlangoni. Wengine wawili wakamfuata. Bwana arusi aliangalia mikono yake, kisha akasogea akasimama karibu na mke wake. Nilikuwa nimeshainuka nusu nami niondoke, maana macho yote yalikuwa juu yangu na sijawahi kuyapenda. Mkono ukanigusa begani kutoka nyuma. Mwanamke wa makamo, sikumjua, sahani tupu mapajani.

"We ni mudogo wake Beata? Beata mwenye mwanya?" Alikuwa anatabasamu na machozi yanamshuka, vyote pamoja. "Tulisoma naye. Unajua alikuwa anaogopa ng'ombe? Mutu wa Nyundo, anaogopa ng'ombe! Siku moja ndama wa mapadri alimufukuza mpaka akapanda juu ya choo, tukamushusha na ngazi."

Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia, wala sikuwa na mtu wa kumuuliza.

"Alipanda na viatu?" nikauliza.

"Viatu gani! Kimoja kilibaki kwa ndama."

Niligeuza kiti changu, nikakisogeza mpaka magoti yetu yakagusana.